Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ukoo wa Cole, Kutoka Fermanagh Hadi Elmenteita

Wazee wetu, kina mama, na vijana mliojiunga nasi mwaka huu, hamjambo nyote.

Katika mkutano mkuu uliopita mlipitisha kwamba mwaka huu tusome ukoo mmoja tu, ukoo wa Cole uliolowea Elmenteita, na tuanzie kule ulikotoka. Azimio hilo halikupita kirahisi. Baadhi yenu mliuliza kwa nini chama cha wasomaji wa historia hapa Nakuru kitumie mwaka mzima kwa makabaila wa Ireland, na historia ya watu wetu bado haijaandikwa hata nusu. Swali hilo lilikuwa la haki, na sijaliweka kando. Taarifa hii ndiyo jibu langu, nanyi mtalipima.

Niyamalize mambo ya ndani ya chama kwanza. Vikao vimeendelea, na mahudhurio yamekuwa mazuri zaidi tangu tulipohamishia saa ya kuanza baada ya ibada za Jumapili. Hesabu atazisoma mweka hazina mwenyewe. Mimi nasema tu kwamba ada zinachelewa, na vitabu havinunuliwi kwa ahadi. Namshukuru katibu kwa kumbukumbu safi za vikao, ambazo bila hizo nisingeweza kuandika haya yanayofuata.

Sasa kwenye somo letu. Sir William Cole alikuwa askari Mwingereza aliyefika Ulster, kaskazini mwa Ireland, mwanzoni mwa karne ya 17. Fermanagh, kaunti mojawapo ya Ulster, ilikuwa nchi ya ukoo wa Maguire, na ngome ya Enniskillen ilikuwa yao. Mwaka 1607 wakuu wa Ulster walikimbilia Ulaya, na serikali ya Mfalme James wa Kwanza ikataifisha ardhi kwa eneo kubwa na kuwagawia walowezi Waprotestanti kutoka Uingereza na Scotland. Cole alipata ngome, akapata ardhi, akajenga mji. Enniskillen ilipopewa hati ya mji mwaka 1613, ilipata pia viti viwili katika Bunge la Dublin, na Cole akawa mkuu wa kwanza wa mji huo. Wairishi walipoinuka mwaka 1641, yeye ndiye aliyekuwa amewaandikia wakubwa wa Dublin kuwaonya, na ndiye aliyeushikilia mji usitekwe. Lord Maguire, mmoja wa viongozi wa njama hiyo, alinyongwa London mwaka 1645.

Naomba mshike vitu vitatu katika kisa hicho: ardhi, kiti cha Bunge na cheo cha jeshi. Ukoo wa Cole ulivishika vyote pamoja kwa karne tatu. Mwenye ardhi ndiye aliyechagua mbunge, maana wapangaji walipiga kura hadharani mbele ya wakala wa kabaila. Kura ya siri haikuja hadi 1872. Mbunge alikuwa kaka, mdogo au mtoto. Na mtoto ambaye hakurithi shamba alinunuliwa cheo jeshini, kwa sababu vyeo vingi vya maafisa viliuzwa kwa fedha taslimu hadi 1871. Ukoo ulipanda vyeo vya ukabaila hivyo hivyo hatua kwa hatua: ubaroni mwaka 1760, uviscount 1776, na mwaka 1789 William Willoughby Cole akawa Earl wa kwanza wa Enniskillen. Jumba lao, Florence Court, limepewa jina la Florence Wrey, mke wa mmoja wa akina Cole wa mwanzoni mwa karne ya 18. Na kwa wapenzi wa miti miongoni mwetu: katika msitu wa Florence Court bado umesimama mti mama wa miyew (yew, miti ya kijani kibichi daima) ya Ireland inayokua wima, ile iliyosambazwa kwa vipandikizi katika makaburi na bustani za nchi nyingi.

Kikao kilichotuchukua muda mrefu kuliko vyote kilimhusu Galbraith Lowry Cole, mtoto wa pili wa Earl wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1772. Huyu alikuwa mbunge wa Fermanagh kuanzia 1803 hadi 1823, na miaka mingi kati ya hiyo alikuwa vitani ng'ambo. Wananchi wa Fermanagh waliwakilishwa na mtu aliyekuwa Sicilia, Ureno au Hispania. Hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa kiti kilikuwa mali ya nyumba.

Kama askari, tumtendee haki. Tarehe 16 Mei 1811, katika vita dhidi ya Napoleon, huko Albuera, Hispania, jeshi la Waingereza, Wareno na Wahispania lilikuwa linakaribia kushindwa na Wafaransa wa Jemadari Soult. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, brigedi moja ya Waingereza ilikuwa imefagiliwa na wapanda farasi wa Kipolandi wenye mikuki, na kamanda mkuu, Beresford, alikuwa anasitasita. Cole alikuwa na divisheni ya nne, akiwa na amri ya kubaki mahali pake. Afisa kijana, Henry Hardinge, alimwendea akamsihi asonge mbele. Cole akakubali kwa dhamana yake mwenyewe, bila amri. Wanajeshi wake wakapanda mteremko ule kwenye matope, wakapigana na Wafaransa uso kwa uso hadi wakawavunja. Zaidi ya nusu ya brigedi ya Fusiliers ilianguka, kamanda wake Myers akafa, na Cole mwenyewe akajeruhiwa. Siku hiyo Waingereza peke yao walipoteza zaidi ya watu 4,000, waliokufa, waliojeruhiwa na waliotoweka.

Mwanachama mmoja, mwalimu mstaafu, alisema jambo ambalo nimeomba liingie kwenye kumbukumbu. Sehemu kubwa ya askari wa kawaida katika jeshi la Uingereza enzi hizo ilikuwa Wairishi, na wengi wao Wakatoliki. Mkatoliki aliruhusiwa kuifia Uingereza pale Albuera, lakini hakuruhusiwa kukaa katika Bunge la London hadi 1829. Cole ana mnara mrefu katika bustani ya Enniskillen, wenye ngazi 108 ndani yake. Wale waliopanda naye mteremko hawana hata jina kwenye jiwe.

Baada ya vita, Cole alipewa ugavana. Alitawala Mauritius kuanzia 1823 hadi 1828, kisiwa cha miwa kilicholimwa na watumwa, na wengi wa watumwa hao au wazazi wao walitoka Msumbiji na pwani yetu ya Kilwa. Kisha akapelekwa Rasi ya Tumaini Jema hadi 1833. Mji wa Colesberg na ile njia ya mlimani ya Sir Lowry's Pass vina jina lake. Mwaka 1829, chini ya utawala wake, chifu Maqoma wa Waxhosa alifukuzwa na watu wake kutoka bonde la mto Kat, na Wakhoikhoi wakawekwa humo wawe ukuta wa mpaka. Tuliposoma hapo, ukumbi ulinyamaza kidogo, kwa sababu kila mtu alikuwa ameshaona Fermanagh ya 1610. Mwenyeji anaondolewa, mwingine anawekwa, na aliyewekwa anakuwa ngao ya aliyemweka.

Earl wa tatu, William, napita juu yake haraka. Alikuwa mtaalamu wa visukuku vya samaki, na mkusanyo wake uliishia katika makumbusho ya taifa London. Mtu huyohuyo aliongoza kwa miaka mingi Chama cha Orange, jumuiya ya Waprotestanti iliyopinga madai ya Wakatoliki. Mwanawe, Earl wa nne, ndiye mbunge wa mwisho wa jimbo la Enniskillen, lililofutwa mwaka 1885.

Kutoka hapo tunaingia kwetu. Earl wa nne alikuwa na binti, Florence, aliyeolewa mwaka 1899 na Lord Delamere, kiongozi wa walowezi wa hapa Kenya. Wengi humdhania Delamere kuwa Mwairishi. Nyumba yake ni ya Cheshire, Uingereza. Uhusiano wake na Ireland ulipitia kwa mke huyu na ndugu zake wawili, Galbraith na Berkeley. Wote wawili walipigana katika vita vya Makaburu, kisha wakamfuata shemeji yao huku. Kaka yao mkubwa, aliyekuja kurithi Florence Court, alibaki, na mwaka 1914 aliongoza kikosi cha wapanda farasi cha North Irish Horse kwenda Ufaransa.

Wakati watoto hawa wanahamia Bonde la Ufa, huko Ireland ardhi ilikuwa inawatoka wakubwa wao. Sheria ya Wyndham ya 1903 iliwapa wapangaji mkopo wa serikali wa kununua mashamba waliyolima, kulipwa kwa miaka 68 na nusu, na kabaila aliyekubali kuuza aliongezewa bakshishi ya asilimia 12. Mwaka mmoja baadaye, 1904, Wamaasai walitiliwa mkataba wa kuhama Naivasha na Nakuru kwenda Laikipia na kusini. Mwaka 1911 wakahamishwa tena kutoka Laikipia. Sidai kwamba sheria ya Wyndham ndiyo iliyowahamisha Wamaasai. Nasema tabaka lililokuwa linapoteza nafasi yake kule lilipata nafasi mpya huku, na lilikuja likijua kazi hiyo, kwa sababu babu zao walikuwa wameifanya.

Berkeley alikaa Naro Moru, akawa miongoni mwa waanzilishi wa Klabu ya Muthaiga, klabu ya walowezi Nairobi, na vita vya 1914 vilipoanza aliunda kikosi cha Cole's Scouts, chenye Wasomali wapanda farasi. Baadaye aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akafa mwaka 1925. Ardhi, kiti, cheo cha jeshi: vyote vitatu vilivuka bahari pamoja naye.

Galbraith alifuga kondoo Kekopey, juu ya Ziwa Elmenteita. Mwaka 1911 alimpiga risasi Mkikuyu aliyemshuku kuiba kondoo, mtu yule akafa, naye hakwenda kuripoti. Alishtakiwa, na jopo la mahakama lililokuwa la Wazungu watupu likamwachilia. Wizara ya Makoloni London, chini ya Lewis Harcourt, ikaona aibu hiyo imezidi, ikamfukuza nchini. Baada ya miaka michache aliruhusiwa kurudi. Mwaka 1917 akamwoa Lady Eleanor Balfour, ambaye baba yake, Gerald Balfour, aliwahi kuwa waziri wa mambo ya Ireland, na ami yake Arthur aliwahi kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Tumesoma mengi kuhusu maradhi ya viungo yaliyomlemaza Galbraith, upofu wake na jinsi alivyojiua mwaka 1929. Yanasikitisha, na simnyimi mtu huruma yake. Ila yule aliyeuawa anatajwa tu kama "Mkikuyu", katika masimulizi mengi, kana kwamba hakuwa na mama. Jambo hilo limeniuma mwaka mzima.

Ziara yetu ya Elmenteita ilikwenda vizuri. Tuliona kaburi la Galbraith lenye mnara kwenye kilima, na kanisa dogo la mawe alilojenga Lady Eleanor kwa kumkumbuka. Vijana walipiga picha, na zimehifadhiwa kwa katibu.

Kikao cha mwisho kilikuwa cha ardhi tena, na kilikuwa kikali. Mwaka 1962 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa ekari milioni moja: mkulima Mwafrika anakopeshwa kwa fedha zilizotoka Uingereza na Benki ya Dunia, mlowezi analipwa, mkulima analipa deni. Familia zipatazo 35,000 zilipata mashamba. Ni ile sheria ya Wyndham tupu. Wairishi walibishana juu ya malipo yale kabla yetu. Mwaka 1932 serikali ya Ireland chini ya de Valera ilikataa kuendelea kuyapeleka London, ikazuka vita ya ushuru hadi 1938, ilipokubaliwa kulipa pauni milioni 10 na kufunga daftari. Hapa kwetu Bildad Kaggia, mpigania uhuru aliyekuwa naibu waziri, aliuliza mwananchi ananunuaje ardhi aliyonyang'anywa, na swali hilo lilimgharimu wadhifa wake serikalini mwaka 1964. Wanachama waligawanyika. Wengine walisema bila mkopo ule wazazi wao wasingepata hata ekari moja. Wengine walisema deni lile lilikuwa dhuluma ya pili. Mimi niko na hawa wa pili, na nilisema hivyo kikaoni, ingawa baba yangu mwenyewe alikuwa mmoja wa waliokopa.

Mwaka 1963 Earl wa tano alifariki, na cheo kikamwangukia David, mtoto wa Galbraith, aliyekuwa amekaa katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Alirudi Fermanagh. Florence Court ilikuwa tayari mikononi mwa National Trust, shirika la kuhifadhi majumba ya kale, tangu 1954, na moto ulikuwa umeiunguza mwaka 1955. Sisi tulipata uhuru mwaka huohuo wa 1963.

Basi kwa waliouliza kwa nini tusome makabaila: ukiuanza ukoo huu Elmenteita, unaona ndugu wawili mashujaa na kondoo wao. Ukiuanza Fermanagh, unaona kazi iliyorudiwa mara tatu, Ulster, mto Kat na Bonde la Ufa. Nimeridhika kwamba mlipitisha vizuri.

Kwa mwaka ujao kamati inaleta mapendekezo mawili. La kwanza, tuache majumba na tukusanye kumbukumbu za wazee waliochunga, waliopika na walionyoa kondoo katika mashamba ya Gilgil, Elmenteita na Naro Moru, kwa lugha zao wenyewe, kabla hawajatuacha. La pili, tuombe ruhusa ya kusoma majalada ya kesi ya 1911 katika Nyaraka za Taifa Nairobi, na kazi ya kwanza ya watakaotumwa iwe kutafuta jina la marehemu na la kijiji chake. Gharama za nauli ziko katika makadirio ya mweka hazina, ukurasa wa pili.

Muhula wangu unamalizika leo. Fomu za uchaguzi wa viongozi ziko kwa katibu, na kura ni ya siri. Sasa namkaribisha mweka hazina.

Mwenyekiti