Udongo uliolala chini ya barafu

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kukukalia kimya. Ujumbe wako niliusoma, nikauweka kando, nikaurudia tena usiku. Umeniuliza hao wanaokwenda kutoboa barafu huko kwenye ncha za dunia wanatafuta nini, na imekuwaje mimi, mwosha matope, nilie kwa habari zao. Nililia kweli, wala sioni haya kukwambia. Ila hilo si jambo la kujibu kwa simu, ndiyo maana nimekaa kitako kuandika.

Nianze na matope, maana ndiyo ninayoyajua. Yanatufikia maabara yakiwa ndani ya mabomba ya plastiki, yametolewa chini ya maziwa. Nayakata, nayaosha, nayachekecha. Unamwaga maji taratibu, tope laini linapita kwenye chekecheke, juu unabakiwa na mchanga na vitu vyeusi vyeusi vinavyoelea. Hivyo vyeusi ndiyo mali yenyewe. Unavinyanyua kimoja kimoja kwa brashi nyembamba iliyolowa, unaviweka chini ya hadubini, na kile ulichodhani ni taka kinakuwa mbegu, bawa la mdudu, kipande cha jani na mishipa yake yote. Nimeifanya kazi hii miaka mingi na bado moyo hunienda mbio kila ninapoinamia ile lenzi.

Sasa twende Greenland.

Mwaka 1959 jeshi la Marekani lilianza kujenga kambi ndani ya barafu, kaskazini-magharibi mwa kisiwa kile. Waliiita Camp Century. Walichimba mahandaki kwenye theluji, wakayaezeka, wakaweka humo vyumba vya kulala, jiko, zahanati, hata mtambo mdogo wa nyuklia wa kuwapa umeme. Dunia iliambiwa ni kambi ya utafiti. Kumbe nyuma yake kulikuwa na mpango wa siri wa kuficha makombora chini ya barafu. Mpango ulikufa. Barafu haitulii, inajikunja na kutambaa kwa uzito wake yenyewe, na mahandaki yale yalikuwa yakibanwa mwaka hadi mwaka. Kambi ilifungwa 1967.

Lakini wanasayansi waliokuwamo walikuwa wanasayansi kwelikweli. Walitoboa kwa keekee, na 1966 wakafika chini kabisa, mita 1,387. Kila keekee ilipovutwa juu ilitoka na kipande cha barafu, kama mche wa sabuni ila wa mviringo na mrefu. Theluji ya kila mwaka hulalia ya mwaka uliopita, ikaigandamiza, kwa hiyo unaposhuka ndani ya barafu unarudi nyuma katika miaka.

Aliyefundisha watu kuisoma miche hiyo ni Willi Dansgaard wa Denmark. Mwaka 1952 alitega chupa ya bia yenye faneli kwenye bustani yake mjini Copenhagen, mvua ikanyesha, akapima maji yake. Kuna oksijeni ya kawaida na kuna iliyo nzito kidogo, na mvua ya hewa baridi ina ile nzito kwa uchache zaidi. Akawaza: ikiwa ni hivyo, basi theluji ya kale iliyoganda Greenland bado imetunza joto la siku iliyoanguka. Mche wa Camp Century ukampa historia ya hali ya hewa ya miaka laki moja hivi. Chupa ya bia, Rehema! Mimi hupenda sana utafiti unaoanza na kitu kilichokuwa karibu na mkono.

Sasa sikiliza sehemu iliyonigusa. Keekee ile haikukomea kwenye barafu. Ilizama ardhini ikachomoa udongo ulioganda, mita 3 na nusu hivi. Barafu ikapata wenyewe, ikasomwa, ikasifiwa. Udongo ulibaki yatima. Wachache waliugusa. Ukahamishwa kutoka friza moja hadi nyingine, kwanza Marekani, kisha Denmark miaka ya 1990, na huko ukasahaulika. Hadi 2017, watu walipokuwa wakihamisha barafu kwenda kwenye friza mpya, ndipo wakakuta mitungi ya kioo, ile ya kuwekea biskuti, ndani yake udongo wa Camp Century.

Sampuli mbili zikapelekwa Vermont, Marekani. Mwaka 2019 mtafiti kijana, Andrew Christ, alikuwa akiziosha kama ninavyoosha mimi matope yangu, akaona kwenye maji vitu vyeusi vikielea. Akavitazama kwa hadubini. Vilikuwa vijiti na majani.

Niliposoma hapo ilinibidi nisimame. Maana najua mkono unavyokuwa wakati ule. Najua unavyozuia pumzi usije ukakipeperusha. Majani, chini ya barafu yenye unene wa zaidi ya kilomita moja! Na barafu haioteshi majani. Ikiwa yapo, basi pale palikuwa wazi, jua likipiga, mimea ikikua.

Ulitaka kujua wanapataje miaka. Njia moja ni hii: punje ya mchanga ikifukiwa gizani huanza kujaza ndani yake nishati kidogo kidogo, kutokana na mionzi hafifu iliyomo kwenye udongo unaoizunguka. Ikiona jua, hata kwa dakika chache, akiba yote inamwagika na hesabu inaanza upya. Basi wanaupasua udongo ndani ya chumba cha giza chenye taa hafifu nyekundu, wanachukua punje za katikati ambazo hazijaguswa na mwanga, wanazimulika kwa kipimo, nazo zinatoa mng'ao. Ukubwa wa mng'ao ndio umri wa giza lake. Hebu fikiria, punje ya mchanga inajua ni lini iliona jua mara ya mwisho. Jibu lilitangazwa 2023: udongo wa juu wa Camp Century uliachwa na maji yaliyokuwa yakitiririka, miaka kama 416,000 iliyopita, ukiongeza au kupunguza 38,000.

Kabla ya hapo wengi waliamini sehemu kubwa ya barafu ya Greenland imekaa bila kuondoka kwa zaidi ya miaka milioni mbili. Hiyo ndiyo iliyokuwa faraja. Huenda uliifundisha wewe mwenyewe darasani, kwamba barafu ile ni ya kale na imetulia.

Haya, Camp Century iko karibu na ukingo wa barafu, mtu anaweza kusema ukingo huwa unakuja na kuondoka. Na mimi nilijifariji hivyo. Kisha ikaja 2024. Watafiti wakaurudia mche mwingine wa barafu, uitwao GISP2, uliotobolewa katikati kabisa ya Greenland na kukamilika 1993, mita 3,053. Chini yake kulikuwa na udongo wa sentimita chache tu, ambao kwa miaka thelathini hakuna aliyeutafutia uhai. Wakauosha. Wakakuta kijiganda cha chipukizi la mti mfupi wa jamii ya Salix, ule unaotambaa chini kwenye nchi za baridi. Wakakuta kuvu. Wakakuta jicho la mdudu. Na mbegu moja ya mpopi wa Aktiki, ua la huko kaskazini penye baridi.

Hapo ndipo nililia.

Mbegu ya mpopi huijui mpaka uitazame kwa hadubini. Kwa macho ni nukta. Ukiikuza ina umbo la figo, na ngozi yake imegawanyika vyumba vyumba kama sega la nyuki, kila chumba na ukuta wake mwembamba. Nimewahi kuzishika za namna hiyo. Sasa weka moja mahali ambapo leo kuna kilomita tatu za barafu juu yake. Ua lilichanua pale. Mdudu mwenye macho alikuwapo. Na katikati ya kisiwa pakiwa wazi, ujue sehemu kubwa sana ya barafu yote ilikuwa imeondoka, maana hapo ni miongoni mwa pa mwisho kuyeyuka. Ilitokea ndani ya miaka milioni moja na ushei iliyopita, katika dunia isiyo na kiwanda hata kimoja.

Nisikufiche kinachonikosesha usingizi. Lile joto la miaka laki nne iliyopita lilidumu muda mrefu sana, makumi ya karne juu ya makumi ya karne, lakini kaboni dioksidi, ile gesi inayozuia joto lisitoke, ilikuwa hewani karibu sehemu 280 katika milioni. Mapovu ya hewa yaliyonaswa kwenye barafu ya Antaktika, kule ncha ya kusini, ambayo yanarudi nyuma miaka 800,000, hayajawahi kuonyesha inayozidi 300 hivi. Leo tumepita 420. Hilo halina maana kwamba barafu itakwisha kesho. Kuyeyuka kwa kitu kikubwa namna ile ni kazi ya karne nyingi. Lakini kazi imeshaanza. Setilaiti zinazoipima Greenland kwa mvuto wake zimeonyesha tangu 2002 inapoteza wastani wa tani bilioni 270 hivi kwa mwaka. Agosti 2021 mvua ilinyesha kileleni pake, zaidi ya mita 3,200 juu ya bahari. Mvua ya maji, mahali ambapo watu wa kituo cha utafiti cha hapo hawakuwahi kuiona kabla. Na ikiyeyuka yote, bahari inapanda kama mita 7.

Watu huniambia Greenland iliwahi kuyeyuka bila sisi, basi tusijilaumu. Mimi naona kinyume chake. Kama ilikwenda kwa moto mdogo, mimi naogopa moto mkubwa.

Antaktika nitakuandikia siku nyingine, ila nikuonjeshe kidogo: Januari 2013 walitoboa mita 800 za barafu kwa maji ya moto, wakalifikia Ziwa Whillans lililo chini yake, gizani, wakakuta humo vijidudu hai vinavyojilisha kwa kemikali zilizomo humo. Hai, Rehema.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Miaka kadhaa iliyopita, mahali nilipokuwa nikifanya kazi zamani, tuliamriwa kusafisha stoo ya baridi. Nafasi ilikuwa imekwisha. Kwenye rafu ya chini nilikuta sanduku la chupa ndogo, udongo mkavu ndani, lebo zimefutika hazisomeki. Nikauliza ni za nani. Hakuna aliyejua. Nikaambiwa tupa, nami nikatupa. Nilizihesabu nikizitumbukiza kwenye pipa, sijui kwa nini nilihesabu: zilikuwa 31. Mtu fulani alikwenda mahali, akachimba, akafunga, akabeba. Nilipoona picha ya mitungi ile ya biskuti nilikumbuka sauti ya zile chupa zikigongana.

Wa Denmark walikuwa na sanduku kama langu. Tofauti ni kwamba mitungi yao ilikuwa na lebo inayosomeka, na aliyeikuta aliuliza hadi akajibiwa.

Tangu hapo sitaki kalamu ya wino maabara. Wino huvuja kwenye unyevu na hufifia kwenye baridi; penseli haisogei. Naandika lebo mbili, moja nje ya chupa na nyingine naikunja ndani ya mfuko pamoja na sampuli: mahali, kina, tarehe, na jina la aliyeichukua. Vijana hulalamika kwamba nawachelewesha. Nawaacha walalamike.

Usiku huu nina sampuli 12 mezani bado hazijaandikwa, na nimeshachonga penseli. Nisalimie shemeji na watoto, na uniambie wanafunzi wako watasema nini ukiwaonyesha picha ya ile mbegu.

Wako akupendaye,
Salma