Swahiba, lifungue lile sanduku la mzee

Millbrae, California
Jumapili jioni

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku ughaibuni. Mimi mzima, na watoto wazima. Ujumbe wako nimeupata: mmeambiwa hapo makumbusho mnakofanya kazi mtoe mapendekezo ya maonyesho ya mwaka ujao, nawe unatafuta jambo litakalowafikia watu wasiokanyaga makumbusho maisha yao yote. Ningekupigia simu, lakini simu ingekatika kabla sijafika katikati. Jibu langu ni refu, na nimekuwa nalo moyoni tangu nilipoanza kazi hii ya kusukuma viti mwendo katika uwanja wa ndege wa San Francisco.

Kazi yenyewe unaijua. Mahali penyewe sijawahi kukusimulia. Uwanja huu una makumbusho ndani yake, na simaanishi picha mbili tatu za kupamba ukuta. Ni makumbusho kamili, yenye wahifadhi, maktaba na stoo ya vitu, yaliyoanzishwa mwaka 1980 na tume inayosimamia uwanja kwa kushirikiana na makumbusho ya sanaa ya jiji. Mwaka 1999 yalipewa ithibati na chama cha makumbusho cha Marekani, kwa vigezo vilevile wanavyopimwa wenye majumba makubwa mjini. Yalikuwa ya kwanza kuipata yakiwa ndani ya uwanja wa ndege. Sehemu za maonyesho ni zaidi ya 20, zimetawanywa katika majengo yote ya abiria. Nyingine ziko kabla ya ukaguzi, ambako yeyote anaingia bure, na nyingine ziko ndani, njiani kuelekea geti lako.

Walipoanza walisema wanataka uwanja uwe na utu. Nilipoyasoma maneno hayo mara ya kwanza niliyapita tu, kwa kuwa taasisi zote husema vizuri. Siku hizi nayaelewa, kwa sababu naona kinachotokea mbele ya macho yangu kila zamu.

Abiria ninayemsukuma mara nyingi ni mzee. Amepekuliwa begi, ameulizwa maswali kwa sauti ya juu kana kwamba hasikii. Akifika kwangu amenyamaza. Basi wakati fulani kulikuwa na onyesho la taipureta, makabati ya kioo marefu kando ya njia, mashine za kila namna, na historia yake tangu ile ya Sholes na Glidden iliyoingia sokoni mwaka 1874, ikatengenezwa na Remington, watu waliokuwa wakiunda bunduki na cherehani. Nilikuwa nimempakia bibi mmoja ambaye tangu mlangoni hakuwa amenijibu zaidi ya kutikisa kichwa. Tulipofika hapo akaunyanyua mkono: simama. Akaitazama mashine moja kwa muda, kisha akaanza kunieleza jinsi alivyokuwa akichapa nakala tano kwa mpigo kwa karatasi za kaboni, na kosa moja la herufi lilivyomlazimu kuzifuta zote tano, moja baada ya nyingine. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Dar es Salaam, nikamsimulia wale wachapaji wa nje ya mahakama, na meza zao chini ya mti. Tuliongea mpaka getini, na getini tukaendelea.

Swahiba, bibi yule hakuja pale kutazama maonyesho. Alikuja kupanda ndege aende kwa mwanawe. Makumbusho ndiyo yaliyomfuata yeye. Nyinyi mnawangoja watu wavuke barabara, wapite kwa mlinzi, wakate tiketi, na mtu akishafika mlangoni tayari ameamua kuwa yeye ni mtu wa mambo hayo. Uwanjani hakuna aliyeamua. Nimeona rubani amesimama na kikombe cha kahawa akisoma maelezo ya kitambaa cha lesi kilichofumwa karne ya kumi na saba. Nimeona wanaofanya usafi, watu wa Ufilipino na El Salvador, wakioneshana kitu kiooni wakati wa mapumziko. Nimeona kijana akimvuta mama yake arudi nyuma, na ndege yao inaitwa.

Nikueleze wanavyofanya, maana najua hapo ndipo utakapotega sikio. Hawaleti kila kitu. Wanachagua jambo moja linaloshikika: sare za wahudumu wa ndege, taipureta, lesi. Wanalionesha kwa kina, vitu vikiwa vimekopwa kwa wakusanyaji binafsi na makumbusho mengine, au vimetoka katika stoo yao. Maelezo yana tabaka. Ubao mkubwa unamsomesha mwenye dakika moja, na kadi ndogo chini ya kila kitu zinamshika mwenye saa nzima kwa sababu ndege imechelewa. Anayepita bila kusimama naye anaondoka na kitu, kwa kuwa kabati limepangwa lionekane vizuri kutoka mbali. Majengo ya viwanja ni vioo vitupu, na wewe unajua kuliko mimi kwamba nguo na karatasi zinatakiwa zisizidi mwanga wa laksi 50 hivi, kwa kipimo cha mwanga. Ndiyo maana maonyesho hubadilishwa, vitu vinarudishwa gizani vipumzike, na sisi wafanyakazi tunapata jipya la kusoma.

Sanaa kubwa za kudumu, zile zilizojengewa ukutani au kuning'inizwa darini, ni habari nyingine. Hizo zinasimamiwa na tume ya sanaa ya jiji, kwa sheria ya mwaka 1969 inayotaka asilimia 2 ya gharama za ujenzi wa majengo ya umma iende kwenye sanaa. Sheria ya aina hiyo ningependa ipigiwe kelele na kwetu, ila hilo si la kabati moja wala la mwaka mmoja.

Kuna pia jengo la abiria lililopewa jina la Harvey Milk, diwani wa jiji aliyeuawa mwaka 1978, siku moja na Meya George Moscone. Ndani yake wameweka onyesho la maisha yake, na kabla ya kulipanga waliwaomba wananchi walete picha walizokuwa nazo nyumbani. Hilo la picha za watu lishike akilini, nitalirudia.

Ninapopapenda kuliko pote ni makumbusho ya usafiri wa anga, katika jengo la safari za kimataifa, kabla ya ukaguzi. Zamu ikiisha mapema nakwenda kukaa humo. Ukumbi wake umejengwa kwa mfano wa ukumbi wa abiria wa uwanja huuhuu ulivyokuwa mwaka 1937. Uwanja ulianza mwaka 1927 kwenye malisho ya ng'ombe, ardhi ya kukodi kwa familia ya Mills, na ukaitwa Mills Field. Humo utaona vikombe vya ndegeni, tiketi, ratiba, sare, mifano ya ndege. Utasoma habari za China Clipper, ndege ya Pan American ya kutua majini, iliyoondoka ghuba hii tarehe 22 Novemba 1935 na mifuko ya barua kwenda Manila, ikituatua visiwani, Honolulu, Midway, Wake, Guam, na kufika baada ya wiki nzima.

Siku niliyosoma habari hizo nilikumbuka kwamba sisi nasi tulikuwa na zetu. Mwaka 1937, ukumbi ule wa abiria ulipokuwa ukifunguliwa hapa, ndege za Imperial Airways za kutua majini zilikuwa zikishuka kutoka Uingereza kwenda Durban, na njia yao ilipita Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Lindi, swahiba! Zikitua bahari ile ile wanayovulia wajomba zako. Niambie ni mtoto gani wa shule Lindi leo anayelijua hilo.

Ndipo nikalikumbuka sanduku la marehemu mzee wako.

Unakumbuka tulivyokuwa tukilifungua kwa siri? Bluu, la bati, chini ya kitanda cha chumba cha uani. Kulikuwa na kitambulisho chake cha ufundi, ovaroli, ratiba za East African Airways zenye picha za ndege, barua za Embakasi, visahani na vijiko alivyoachiwa shirika lilipovunjika. Shirika lile lilianza mwaka 1946 kuhudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na ndege zake za kwanza zilikuwa Dragon Rapide sita, za mabawa mawili juu na chini. Ilipofika mwaka 1966 lilikuwa linarusha jeti za Super VC10 mpaka London. Mwaka 1977 likafa, pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mafundi, wahudumu, marubani na makarani wakarudi makwao. Mzee wako akarudi na sanduku. Kenya Airways na Air Tanzania zikazaliwa mwaka huohuo, na ule mkia wenye twiga ukaanza kuonekana angani.

Hilo ndilo onyesho lako. Limo ndani ya masanduku ya namna ile, Dar, Tanga, Moshi, Nairobi, Kampala, Unguja, na wenyewe wanaoweza kusema kila kitu kilikuwa cha nini wana miaka 75, 80. Kila mwaka tunazika baadhi yao. Fanyeni kama walivyofanya hapa kwa picha: tangazeni redioni, waombeni watu walete, mwandikeni kila mmoja jina lake kwenye kadi ya maelezo. Mzee akiliona jina lake ndani ya kioo, na wajukuu wakaliona, hamtahitaji tangazo la pili.

Kisha msiliweke kwenu. Liwekeni uwanjani.

Najua utasema viwanja si vyenu, na ni kweli itabidi barua nyingi ziandikwe. Lakini tazama wenzetu. Pale Schiphol, Amsterdam, Rijksmuseum walifungua tawi lao mwaka 2002, wakaweka michoro halisi ya mabwana wa Kiholanzi wa karne ya kumi na saba, bure, kwa abiria wanaobadilisha ndege. Athens wana chumba cha vitu vya kale vilivyochimbuliwa wakati wa kujenga uwanja wenyewe. Mumbai, jengo la mwaka 2014 limepambwa kwa maelfu ya kazi za sanaa na ufundi za India nzima. Paris, Charles de Gaulle, wana ukumbi tangu mwaka 2013 unaoazimwa kazi na makumbusho ya Ufaransa, wakaanza na mchongaji Rodin. Na uwanja ule ulichorwa na Paul Andreu, msanifu huyohuyo aliyetuchorea Jengo la Pili la abiria pale Dar, lililofunguliwa mwaka 1984. Hilo jengo peke yake linastahili kadi ya maelezo. Watu wanapita chini ya paa lile bila kujua mchoraji wake ni nani.

Jambo moja tu ningelibadilisha. Wenzetu wengi wameweka hazina zao ndani, baada ya pasipoti, kwa ajili ya anayesafiri. Kwetu anayesafiri ni mmoja na wanaomsindikiza ni kumi na wawili. Mgeni akija kutoka Muscat au Toronto anapokewa na ukoo mzima, na bibi kaletwa na kanga yake mpya, na wanangoja saa nyingi kwa sababu walitoka nyumbani mapema wasije wakakuta mtu amefika. Hao ndio watu wako. Kabati lako liwe pale wanapongoja wapokeaji. Maelezo yawe kwa Kiswahili kwanza, herufi kubwa, na kabati liwe la urefu ambao aliyeketi kwenye kiti mwendo anaona bila kunyoosha shingo. Hilo la mwisho nalisisitiza, kwa sababu hata hapa si kila kabati limezingatia, na mimi ndiye ninayeinama kuwasomea wasioweza kuona kutoka kitini.

Sanaa ipo viwanjani kwetu, sikatai. Tingatinga na vinyago vya Kimakonde vimejaa madukani. Lakini vinauzwa bila historia. Mtu ananunua twiga wa rangi bila kuambiwa kwamba Edward Saidi Tingatinga alianza kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi, na kwamba alifariki mwaka 1972 akiwa na miaka michache tu ya uchoraji. Kadi moja ya maneno hamsini ukutani ingebadilisha anachokibeba yule mgeni kwenye begi lake. Onyesho la pili hilo, ukitaka.

Anza na kabati moja. Usiombe ukumbi. Ukiomba ukumbi utaambiwa bajeti haijatosha, na watakuwa wanasema kweli. Kabati moja lenye kufuli, taa isiyounguza, vitu kumi vilivyochaguliwa vizuri, na karatasi halisi zikae stoo, uwanjani ziende nakala. Mwishoni mwa mwezi ukae pale siku moja na daftari uandike nani amesimama na amesema nini. Hayo maandishi ndiyo utakayoyapeleka kwa wakubwa.

Mimi nitafanya yangu. Desemba, Mungu akipenda, ninakuja kwa njia ya Amsterdam, nami nitatumia saa zangu za kungoja pale Schiphol kutazama walivyopanga taa na maandishi, nikupigie picha za kadi zao. Kwenye maktaba ya hapa uwanjani nitauliza kama wana chochote cha East African Airways, walau ratiba moja.

Wewe lifungue lile sanduku wiki hii. Usizibandike ratiba kwa selotepu, usiyafue yale maovaroli. Mwite mama akae karibu, umrekodi kwenye simu akikueleza kila kitu kilitoka wapi, hasa zile barua za mwaka 1977. Na niandikie ni nani kati ya wenzake mzee bado yu hai, nipate namba zao niwapigie kutoka huku.

Nisalimie mama sana, mbusu mkono kwa niaba yangu. Wasalimie majirani wa uani.

Ni mimi swahiba yako wa tangu utotoni.