Kundi O si jina la mtu

Ndugu Mhariri,

Nimenyamaza miaka mingi, lakini taarifa yenu ya Jumatatu, ile ya wakili aliyetamba kwamba kesi ikishapata majibu ya vinasaba imekwisha, imenishinda. Imekwisha kwa nani?

Kabla ya kustaafu nilikuwa mtaalamu wa maabara, na niliwahi kuitwa kutoa ushahidi kwenye kesi ya mauaji. Panga lilikuwa na damu ya kundi O, na marehemu alikuwa kundi O. Wakili wa Serikali akanikazia macho: kwa hiyo hii ni damu ya marehemu, ndiyo au hapana? Nikaanza kueleza kwamba karibu nusu ya watu mle ndani huenda ni kundi O, pengine mshtakiwa mwenyewe akiwemo, na kwamba kipimo kile kinaweza kumtoa mtu lakini hakiwezi kumtaja. Nikaambiwa nijibu nilichoulizwa. Nikamtazama wakili wa utetezi, nikijua hili atalidaka. Akasimama, akakohoa, akauliza kwa nini bahasha haina sahihi ya mkuu wa kituo! Tukabaki na bahasha, lakiri na daftari la vielelezo, nani alimkabidhi nani, saa ngapi. Mnyororo wa utunzaji wa kielelezo wanaujua kama sala. Majibu yenyewe hakuna aliyeyagusa.

Wala si kwetu tu. Uingereza, mwaka 1999, Sally Clark, naye wakili, alifungwa maisha kwa vifo vya wanawe wawili wachanga. Daktari bingwa Roy Meadow aliieleza mahakama kwamba uwezekano wa watoto wawili kufa ghafla katika familia kama ile ni 1 kwa milioni 73. Alichukua 1 kwa 8,543, uwezekano wa mtoto mmoja, akaizidisha kwa yenyewe, utadhani watoto wa tumbo moja hawashirikiani chochote. Mama yule aliachiwa 2003.

Na posho ya mashahidi je? Unasafiri usiku kucha, unakaa benchi mpaka mchana, kesi inaahirishwa, nauli unaambiwa uifuatilie.

Pendekezo langu: siku ya kuapishwa, kila wakili atobolewe kidole, kundi lake la damu lishonwe kwenye joho kwa herufi kubwa. Akitaja damu ya "kundi lilelile", mawakili wote wa kundi hilo waingie kizimbani na mshtakiwa hadi mmoja wao aeleze tofauti. Kupima nitapima bure. Nauli mnitumie kabla.

Mstaafu,
Morogoro