Kuhusu hiyo shahada unayoitaka

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalaam aleikum. Huku Mombasa hatujambo, ila joto. Nimeona nikuandikie barua kamili, maana ulichoniuliza hakijibiki kwa maneno mawili. Waniuliza kama mtu mwenye watoto na kazi ya kutwa anaweza kusomea shahada akiwa nyumbani. Anaweza, na mimi nimo humo humo. Lakini asisome peke yake.

Hilo ulishike kuliko mengine yote. Kinachowatoa watu masomoni si umri, ni upweke. Unafungua simu saa nne usiku, watoto wamelala, mhadhara umerekodiwa, mwalimu hakuoni na mwanafunzi mwenzio humjui. Wiki ya kwanza unasikiliza mpaka mwisho. Baadaye unajiambia kesho, na kesho ina mambo yake. Kikundi chetu cha WhatsApp kilianza kimejaa. Kufika muhula wa pili, waliobaki wakiuliza maswali ni wale tuliokuwa tukionana Jumamosi.

Tunakutana Tononoka, sebuleni kwa mwenzetu mmoja ambaye ni wakala wa forodha. Tulipofika kwenye mada ya gharama za usafirishaji, nilisoma kurasa nyingi nisiambulie kitu. Yeye akatoa karatasi za kontena lililokwama bandarini Kilindini, akatuwekea kidole pale siku za bure za kuweka mzigo zilipoishia, pale malipo ya kuchelewa yalipoanzia, na jinsi yalivyopanda kila siku hadi faida yote ya mwenye mzigo ikaliwa. Nikaelewa papo hapo. Mtu huyu ameifanya kazi hiyo miaka na miaka, na chuo hakikumpunguzia hata somo moja. Linaniuma sana. Kule New Jersey, Marekani, kuna chuo cha Thomas Edison kilichoanzishwa mwaka 1972 kwa ajili ya watu wazima kama yeye. Ukithibitisha kwa mtihani au kwa ushahidi wa kazi kwamba somo unalijua, unahesabiwa umelipita. Sisi pia tunastahili hivyo.

Kuhusu chuo gani, usitangulize jina. Hakikisha kwanza kozi yenyewe imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, usije ukamaliza miaka yako ukaambiwa cheti hakitambuliki. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipata hati yake mwaka 2023 na masomo yake ni ya mtandaoni, kwa hivyo wewe wa Malindi na mtu wa Nairobi ni mamoja. Tumechelewa kukipata: Watanzania wana chao tangu miaka ya 1990, na cha Uingereza kilianza kufundisha mwaka 1971. Na ile C yako ya sekondari isikukatishe tamaa. Anayetoka sekondari moja kwa moja ndiye anayetakiwa awe na C+. Wewe una stashahada ya ualimu wa chekechea, na hiyo ni njia ya kuingilia. Uliza pia watakuhesabia masomo mangapi uliyokwisha kuyasoma.

Ada utaipanga, bando utanunua. Zungumza na baba watoto mapema, hasa kuhusu wiki za mitihani, ajue kabisa nani atapika na nani atakagua madaftari ya watoto. Na anza sasa kuandika kwa mkono. Mtihani wangu wa kwanza majibu niliyajua, ila vidole vilikufa ganzi kabla sijafika swali la mwisho, kwa vile nilishazoea kubonyeza simu.

Jumamosi ijayo tunaanza saa nane mchana. Panda matatu uje ukae nasi usikilize, kabla hujamlipa mtu hata shilingi. Beba hati zako za matokeo na ile stashahada tuzitazame pamoja. Huyu wakala wetu ni hodari wa kujaza fomu. Utalala kwangu.

Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Zuhura