Risala ya wanafunzi wa hisabati na informatiki wa Goma kwa Mama Profesa, mgeni wetu wa heshima

Mama Profesa, mgeni wetu wa heshima, Bwana Mkuu wa Kitivo, walimu wetu, wazazi wetu, wanafunzi wenzetu, jambo sana.

Karibu Goma. Mama anayeuza maharagwe katika soko la Virunga akitumiwa pesa kwa simu kutoka Butembo, hakuna askari anayezisindikiza njiani. Zinalindwa na hesabu za kriptografia, yaani elimu ya kuficha habari, na hesabu hizo ndizo ulizozipa maisha yako.

Tunaijua ngazi ya chuo kikuu uliyoipanda: asistenti, shefu wa travo (cheo kinachofuata asistenti), udaktari, kisha uprofesa. Wengi hukaa asistenti miaka na miaka, wakisahihisha mitihani ya ukumbi mzima huku tasnifu zao zikingoja. Lakini mtafiti wa kriptografia ana mtihani mwingine usiokwisha: alichobuni hukitoa hadharani ili wenzake wajaribu kukivunja. Marekani ilipotafuta mfumo mpya wa kuficha habari mwaka 1997, mapendekezo 15 yalikubaliwa kushindana, na watafiti wa dunia nzima wakaachiwa wayashambulie. Mwaka 2000 ulichaguliwa mfumo wa Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, ambao leo unaitwa AES. Uliaminiwa kwa sababu wengi waliujaribu na ukasimama.

Ndiyo maana tunasema nafasi ya elimu hii ni chuo kikuu. Mwaka 1973 Clifford Cocks, akifanya kazi katika idara ya ujasusi ya Uingereza, alipata njia ya kuficha habari, ileile ambayo Rivest, Shamir na Adleman wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, waliigundua wenyewe mwaka 1977. Ya Cocks ilifichwa hadi 1997. Tunamheshimu sana, ila kwa miaka 24 hakuna mwanafunzi aliyeweza kujifunza kwake. Ile ya MIT, iitwayo RSA, ilifundishwa, ikashambuliwa, ikazaa utafiti mwingine.

RSA hujengwa juu ya namba tasa, yaani namba kubwa kuliko 1 zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu. Mfupa wa Ishango, uliochimbuliwa mwaka 1950 kando ya Ziwa Edouard, hapa hapa Kivu Kaskazini, una safu ya chale 11, 13, 17 na 19, zote namba tasa. Wataalamu bado wanabishana kama aliyezichonga alikusudia hivyo, nasi hatudai zaidi ya hapo. Mfupa wenyewe uko Brussels. Hata hivyo, kila tukiutaja darasani, vijana huinua vichwa.

Mama Profesa, kazi ingali nyingi. Tangu mwanahisabati Peter Shor alipoonyesha mwaka 1994 kwamba kompyuta ya kwantamu, ile inayotumia kanuni za fizikia ya chembe ndogo sana, itaweza kuivunja RSA, mifumo mipya imetafutwa, na viwango vya kwanza vya mifumo hiyo vilitolewa Marekani mwaka 2024. Kuvichunguza hakudai maabara ya gharama kubwa. Kunadai kalamu, ubao, makala za kusoma na mtu wa kutuongoza.

Basi tunakuomba utuanzishie semina ya nadharia ya namba, hata kwa njia ya intaneti, na ukubali kusimamia pamoja na walimu wetu kazi za kumaliza masomo za wale watakaochagua fani hii. Kwako Bwana Mkuu wa Kitivo, tunaomba chumba kimoja chenye umeme wa uhakika, kilichofunguliwa hadi jioni, ili semina hiyo ipate pa kukaa.

Tunaomba uipokee risala hii.

Kwa niaba ya wanafunzi wa hisabati na informatiki, Goma.