Barua ya wazi: Maruhubi ihifadhiwe kuanzia langoni

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia kuhusu sehemu moja tu ya magofu ya jumba la kifalme la Maruhubi, nayo ni ukuta wa shamba pamoja na upande wake wa kuingilia. Kila anayetembezwa pale huonyeshwa nguzo nene zilizobeba roshani za mbao, hamamu, mfereji wa maji na matangi yaliyoota mayungiyungi, lakini ukuta hupitwa kana kwamba ni ua wa jirani.

Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alizuru Uingereza mwaka 1875, na husimuliwa kwamba kuta ndefu alizoziona zikizunguka mashamba ya wakubwa wa huko ndizo zilizomtia hamu ya kujenga ukuta wake, alipoanza kazi ya Maruhubi mwaka 1880. Ikiwa fikra ilitoka ugenini, mwili wa ukuta ni wa kwetu: mawe ya matumbawe na chokaa. Na kwa kuwa jumba lilikuwa la masuria wake, ukuta ule haukuwa pambo, bali sitara. Mgeni alipaswa kubisha hodi mbali na nyumba, kabla macho yake hayajafika ndani. Tukizihifadhi nguzo tukaupoteza ukuta, tutabaki na nyumba iliyovuliwa nguo.

Moto wa mwaka 1899 uliteketeza mbao, kisha marumaru ya hamamu yakaibwa. Mawe hayaungui, ila hubebeka, na jiwe lililokwisha kuchongwa humfaa sana anayejenga msingi. Hatari nyingine huja na nia njema, pale fundi anapoziba ufa kwa saruji: unyevu hukosa pa kutokea, chumvi ya bahari hujikusanya, na jiwe husagika nyuma ya plasta ilhali uso wake bado unang'aa.

Maruhubi iko nje ya mipaka ya Mji Mkongwe uliosajiliwa na UNESCO mwaka 2000, kwa hiyo ulinzi wake unategemea sheria zetu wenyewe na usimamizi wa wizara yako. (Hata ndani ya mipaka hiyo, sehemu ya Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, iliporomoka Desemba 25, 2020.) Naomba, basi, njia ya kuingilia isipanuliwe wala kuwekwa geti jipya kabla ukuta wote haujapimwa na kuchorwa, na matengenezo yatakayofuata yafanywe kwa chokaa iliyolowekwa ikaiva, chini ya mafundi wanaoijua kazi hiyo. Upimaji wa mwanzo hauhitaji mfadhili: mafundi wawili, futi kamba na daftari vinatosha, ilimradi waende kabla ya mvua za masika.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa Unguja