Shangazi, nimetimiza yote niliyoyaandika, mbona situlii?

Shikamoo Shangazi,

Ni saa tisa na robo usiku na sijapata usingizi. Baba watoto anakoroma hapa kando yangu kama mtu asiyedaiwa na yeyote. Nisamehe nikiandika bila mpangilio.

Jumamosi, mbele ya watu waliokuja kunipongeza, alisema: "Huyu hata akiingizwa peponi atauliza mlango wa kutokea uko wapi." Watu wakacheka. Mama yangu mzazi naye akacheka, tena mpaka akajifuta machozi. Mimi nikatabasamu, nikaenda msalani, nikafungulia maji wasinisikie.

Usidhani mimi ni mtu wa kununa, wanaonijua watakwambia. Miaka 14 iliyopita, kifungua mimba wetu akiwa na miezi mitatu, niliandika mambo manne nyuma ya daftari: nimalize shahada, nipande cheo, tuhamie nyumba yetu wenyewe, nisome shahada ya pili. Kila nilipotimiza moja nililipigia mstari. Wapo wanaoandika malengo mwezi wa kwanza, mwezi wa pili hawakumbuki hata daftari liko wapi. Mimi sikusahau, na sioni kwa nini nionekane nina kasoro kwa hilo. Mwenyewe analala kwenye nyumba iliyotoka kwenye daftari hilohilo analolicheka!

La nne limekamilika mwezi huu. Nikapiga mstari, nikangoja furaha. Ilikuja, nisikufiche. Siku ya kwanza nilifurahi sana, ya pili kidogo. Siku ya tano nilifungua daftari nikaitazama ile mistari minne, nikajiona kama abiria aliyefika mwisho wa safari, wenzake wote wamepokelewa na wenyeji wao, yeye kabaki kituoni na begi lake. Cheo nacho kilinifanyia hivyohivyo. Na nyumba.

Nimesoma kuhusu jambo hili, maana kusoma ndiyo dawa yangu. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1978, waliwauliza watu 22 walioshinda bahati nasibu. Kwa furaha hawakuwa wamewazidi sana wenzao wa maeneo yaleyale ambao hawakushinda, na vitu vidogo vya kila siku viliwapa raha kidogo kuliko wenzao. Nikamsomea baba watoto nikidhani hapo sasa atanielewa, kwamba si mimi peke yangu, ndivyo binadamu tulivyo. Akanitazama, akasema, "Kwa hiyo mimi na watoto ndio hivyo vitu vidogo?" Sikumjibu. Ningemjibu nini?

Halafu yupo mwanasaikolojia, Charles Snyder, aliyeeleza kwamba tumaini si kukaa na kungoja mambo yanyooke. Lazima uwe na lengo, uone njia za kulifikia, na uwe na ile nguvu ya kujiambia utaweza. Shangazi, njia nazijua. Nguvu ninayo, ndiyo hii inayoniamsha usiku. Lengo ndilo limeniishia. Basi mtu akitumaini kwa bidii mpaka akapata, ndiyo anaadhibiwa hivi?

Unajua ni lini nilikuwa na furaha kweli? Ni miaka ile ya kusoma alfajiri, mtoto kalala mapajani, kitabu juu ya mto, taa nimeifunika kitambaa asiamke. Nilikuwa nimechoka kufa, lakini kila siku kulikuwa na kesho. Leo mtoto yule amenipita urefu na mlango wa chumba chake anaufunga.

Mbele ya mama yangu, Shangazi. Angeniambia tukiwa wawili nisingelia.

Labda niseme ukweli wote. Nimeandika kama vile alipayuka. Hakupayuka. Alisema polepole, mkono wake begani mwangu, kwa sababu mgeni mmoja aliuliza "sasa baada ya hapa?" nami nikaanza kujibu kabla hajamaliza kuuliza.

Kwa hiyo sitaki lengo jingine. Hilo nimeshaamua, na tafadhali usinishauri mambo ya masomo. Nataka kutulia, nikae na watu wangu kama wenzangu wanavyokaa. Ila kuna fomu ya shahada ya uzamivu nimeijaza, iko kwenye bahasha chini ya nguo zangu. Ni miaka minne. Mwisho wa kupokelewa ni Ijumaa. Sijamwambia, si kwamba namficha, hajauliza. Sijui hata kama naitaka shahada yenyewe au naitaka ile alfajiri.

Usiku huu nimelisoma daftari lote toka mwanzo. Jina lake halimo hata mara moja. Miaka 14. Lakini nawe niambie, mume unamwandikaje kwenye orodha ya mambo ya kumaliza? Nilidhani yeye ndiye niliyekuwa nikienda naye.

Sasa sijui nimwonyeshe bahasha kabla ya Ijumaa, au nipeleke kimyakimya nimwambie nikishajibiwa. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba uniambie alikosea, maana neno gani lile la kumwambia mtu siku yake? Na mama, alichekea nini vile, kama mtu aliyekuwa akilijua jambo siku nyingi?

Amegeuka sasa hivi, ameuliza naandika nini usiku huu. Nimemwambia ni kazi ya ofisini. Amesema, "Haya," amenivutia shuka.

Nijibu kabla ya Ijumaa.

Mpwa wako asiyelala